Kaskazini Wanahesabu Ndege kwa Miguu, Sisi Tunahesabu Mitumbwi

Milima ya Uskoti ina ndege ambaye huhesabiwa madume tu. Anaitwa dotareli: mwili mdogo, miguu mirefu, tumbo la rangi ya kutu, mstari mweupe juu ya jicho. Kwao dume ndiye anayelalia mayai. Jike, ambaye ana rangi kali kuliko mumewe, akishataga anaweza kuondoka zake kutafuta dume mwingine. Kwa hiyo ukimkuta dume kiotani umeikuta kaya. Tena dume huyo hana woga, hukaa juu ya mayai yake matatu mpaka buti la mtu likaribie kumkanyaga, na rangi ya mgongo wake imefanana na ardhi aliyoikalia. Huwezi kumhesabu kwa gari, wala kwa darubini ukiwa bondeni. Lazima mtu apande. Walipanda mwaka 1987 na 1988, wakakadiria madume 981. Wakapanda tena 1999, wakapata 747. Mwaka 2011 walibaki 423.

Ndani ya miaka isiyofika 25, zaidi ya nusu hawapo tena milimani humo. Mtu anaweza kubishana kuhusu chanzo, lakini kupungua kwenyewe hakubishaniwi, kwa sababu namba zipo na njia iliyozileta inajulikana.

Sasa tuje kwetu. Ni ndege gani wa mwambao huu wa Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, tunayeweza kumtajia namba tatu za namna hiyo? Furukombe? Mdiria wa madoa meusi na meupe? Au yule korongo mkubwa wa soko la samaki la Mwaloni Kirumba, anayesimama kando ya utumbo wa sangara kama mzee wa baraza, tukapishana naye kila asubuhi bila kujua kama mwaka huu wameongezeka au wamepungua? Kila mtu ana maoni. Wavuvi wanasema ndege fulani hawaonekani siku hizi, wapishi wa mama lishe wanasema korongo wamezidi, na wote wanaweza kuwa sahihi. Maoni hayo hayana mahali pa kupimwa.

Hoja yangu ni kwamba kinachotutofautisha na wale wa kaskazini si vifaa wala shahada. Ni utaratibu wa kwenda kwa miguu mahali ambapo mtu hakupachagua mwenyewe, na kurudi hapohapo mwaka unaofuata. Huo tunaweza kuwa nao, na nitaonyesha kwamba tayari tunao kwa jambo jingine.

Watu wengi wakisikia kuhesabu ndege wanamfikiria mtalii mwenye kofia pana na kamera ya lenzi ndefu. Kazi yenyewe ni tofauti kabisa. Sweden wameichora nchi nzima kwa gridi ya kilomita 25, na kila mistari inapokutana pamewekwa njia ya kutembea. Njia ziko 716, na zimekuwa zikitembelewa tangu 1996. Kila njia ni mraba wenye pande za kilomita 2, kwa hiyo mzunguko ni kilomita 8. Mhesabuji anaanza kama saa kumi alfajiri, na milima ya kaskazini mwezi Juni saa hiyo ni mwanga mtupu. Anasimama kituo cha kwanza dakika 5, anaandika kila ndege anayemwona au kumsikia. Halafu anatembea kilomita moja taratibu huku akiandika, anasimama tena dakika 5, mpaka amalize vituo vinane. Kukiwa na kinamasi, anapita kinamasini. Kukiwa na mto uliofurika kwa theluji inayoyeyuka, anatafuta kivuko kisha anarudi kwenye mstari wake. Mwaka mwingine ni njia ileile, majira yaleyale, saa ileile.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo ni masikio. Huko juu ukungu unashuka ghafla na jiwe la kijivu halitofautiani na kwale wa theluji, ambaye majira ya joto huvaa manyoya ya kijivu na majira ya baridi hubadilika kuwa mweupe. Unachopata ni sauti yake ya kukwaruza kutoka upande ambao huuoni. Mtu asiyeijua sauti hiyo atapita na kuandika kwamba hapakuwa na kitu. Ndiyo maana wanaopewa njia hizi ni watu wanaozijua sauti, na wanajitahidi mtu yuleyule arudi njia ileile miaka mingi, ili mabadiliko ya masikio yasije yakadhaniwa kuwa mabadiliko ya ndege.

Waingereza nao, ambao mpango wao ulianza 1994, wana kipengele ninachokipenda. Fomu ya mhesabuji imegawanywa kwa umbali: ndege aliye ndani ya mita 25 kutoka kwenye mstari wa kutembea, aliye kati ya mita 25 na 100, na aliye mbali zaidi. Wanaopita angani wana safu yao. Sababu ni rahisi. Kadiri ndege anavyokuwa mbali ndivyo uwezekano wa kumkosa unavyoongezeka, na ukijua waliopatikana karibu ni wangapi na mbali ni wangapi, unaweza kukadiria uliowakosa. Yaani fomu yenyewe inakubali tangu mwanzo kwamba mtu hawezi kuwaona wote.

Lakini kiini cha yote ni bahati nasibu. Miraba ya Uingereza, kila mmoja wa kilomita 1 kwa 1, haikuchaguliwa na wapenda ndege. Ilichaguliwa bila kuangalia kama pana ndege au hapana. Mtu akijichagulia mwenyewe atakwenda penye ndege wengi, karibu na barabara, penye kivuli na mahali pa kunywa chai. Ndege wakihama hapo atatangaza kwamba wamekwisha. Wakihamia hapo atatangaza neema. Bahati nasibu inakupeleka kwenye uwanda wa mawe usio na mti, mwendo wa nusu siku kutoka barabarani, ambako utasikia upepo na ndege wawili. Hao wawili unawaandika. Mwakani ukisikia upepo peke yake, unaandika sifuri, na sifuri hiyo ina thamani kuliko orodha ndefu ya ndege mia iliyokusanywa kwenye bustani ya hoteli.

Ni kweli kwamba miraba ya milimani ilikosa watu. Wanaojitolea wanaishi mijini na tambarare, na mraba wa mbali haumpendezi mtu mwenye Jumamosi moja. Waingereza ikabidi walegeze masharti: badala ya kutembelea mara mbili kwa msimu, miraba ya milimani iliyosahaulika ikaruhusiwa kutembelewa mara moja. Mtaalamu wa takwimu atakunja uso. Mimi naona walifanya vizuri.

Faida ilionekana. Njia za milimani za Sweden, Norway na Finland zilipounganishwa kwa miaka ya 2002 hadi 2012, spishi 9 kati ya 14 za ndege wa milimani zilikuwa zimepungua. Kama wangehesabu kando ya barabara peke yake, jambo hilo lingepita bila kuonekana.

Kwa nini mtu wa Mwanza ajali milima ya huko? Kwa sababu baadhi ya ndege hao ni wageni wetu. Yupo mmoja, kwa kisayansi Oenanthe oenanthe, ambaye mimi humwita kiuno-cheupe kwa sababu akiruka ndicho unachokiona. Ana uzito wa kama gramu 25. Mwaka 2012 watafiti walichapisha matokeo ya safari za kiuno-cheupe wa Alaska waliofungwa vifaa vya gramu moja na ushei. Vifaa hivyo havitumi chochote kwa setilaiti. Vinaandika mwanga wa mchana na giza la usiku tu, na ili kuvisoma ni lazima umkamate ndege yuleyule mwaka unaofuata. Kwa hiyo watu walirudi tena mlimani kwa miguu, na waliowapata ni wachache. Hao wachache walionyesha safari ya karibu kilomita 14,500 kwenda upande mmoja, kuvuka Asia yote na Arabia mpaka Afrika Mashariki. Kiuno-cheupe hufika mpaka kaskazini mwa Tanzania. Anapenda majani mafupi, malisho yaliyokwisha kuliwa na ng'ombe, na shamba lililochomwa moto. Akiwa huku amevaa rangi za kahawia zisizovutia. Ukimwona amesimama wima juu ya kichuguu, anatikisa mkia na kuchuchumaa, utampita.

Hapo ndipo siasa inapoingia. Ndege wa safari ndefu wakipungua kaskazini, maelezo hutafutwa kote walikopita: wanakozaliwa, wanakopumzika na wanakokaa wakati wa baridi. Upande wa kaskazini una njia 716 na fomu za miaka karibu 30. Upande wetu una simulizi. Mwenye namba ndiye anayeandika sentensi ya kwanza ya ripoti, na asiye nazo hujikuta akitajwa kwenye aya ya mwisho, ile inayosema kwamba huenda tatizo liko kwenye maeneo ya Afrika. Huenda ni kweli, na huenda si kweli. Bila hesabu zetu wenyewe hatuwezi kukubali wala kukataa kwa heshima.

Sisemi kwamba hakuna kinachofanyika. Hesabu ya ndege wa majini barani Afrika hufanyika kila Januari tangu 1991, na Tanzania imo. Kenya tangu 2013 wana ramani yao ya ndege, ambapo mwananchi anachukua kipande cha nchi cha kama kilomita 9 kwa 9 na kuandika spishi zote kwa muda usiopungua saa mbili. Ni kazi nzuri. Ila tazama mahali orodha zinakojazana na utaiona barabara. Kwetu ni hivyohivyo: Saanane, hifadhi ya taifa tangu 2013 na iko dakika chache kwa boti kutoka mjini, ina macho mengi. Capri Point ina macho. Serengeti usiseme. Lakini mashamba ya mpunga ya Magu, vilima vya mawe vya Misungwi, ngitili za Kwimba, yale malisho yanayotengwa na kuhifadhiwa, na ukanda wa mafunjo ambao hata mtumbwi unaingia kwa shida, nani anapita huko kila mwaka na fomu?

Na siyo kwamba ghuba yetu haijawahi kuona kazi ya namna hii. Kuanzia miaka ya 1970 watafiti wa samaki kutoka Uholanzi walifanya kazi hapa na Watanzania. Wakati furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, wakiangamia na sangara wakitawala ziwa, wapo waliokwenda kuokota vitu ambavyo mtu mwingine angevisukuma kwa mguu: vidonge vya mifupa na magamba ambavyo mdiria hutema chini ya mahali anapolala. Kwa kulinganisha vidonge vya zamani na vya baada ya sangara kuongezeka, walionyesha kwamba mdiria wa Ghuba ya Mwanza aliyekuwa akila furu amehamia kwenye dagaa. Na dagaa ni mwembamba, hivyo ili ashibe ilibidi apige mbizi mara nyingi zaidi kwa siku. Matokeo hayo yalichapishwa 1994. Ni mfano ninaourudia kila ninapoambiwa kwamba utafiti mzuri unahitaji mashine. Walichohitaji ni mtu aliyekusanya mapema, kabla hajajua kitakachotokea.

Sasa nirudi kwenye lile nililosema tunalo tayari. Tangu mwaka 2000, kwa kawaida kila baada ya miaka miwili, nchi tatu za ziwa hili hufanya sensa ya uvuvi. Wahesabuji huenda mwalo hadi mwalo, yaani kila mahali mitumbwi ya uvuvi inapofikia ufukweni, Tanzania, Kenya na Uganda, wakiwa na fomu zinazofanana. Wanahesabu wavuvi, mitumbwi, injini, nyavu kwa ukubwa wa macho yake, ndoana. Wanafika visiwa ambavyo boti huenda mara moja kwa siku. Mwalo wenye mitumbwi minne unaandikwa sawa na mwalo wenye mia nne. Hakuna anayesema mwalo fulani uko mbali mno au hauna cha kuvutia. Huu ndio utaratibu wa milima ya kaskazini, umefanywa na maofisa uvuvi wetu na BMU, vile vikundi vya usimamizi wa fukwe, kwa posho za kawaida na boti za kukodi.

Kwa hiyo anayesema Watanzania hawawezi kuhesabu kwa nidhamu katika maeneo magumu hajawahi kumwona ofisa uvuvi akishuka Ukerewe na begi la fomu. Tunaweza. Tumeamua tu kwamba ndoana ina haki ya kuhesabiwa na ndege hana.

Ningeanza hivi. Chora gridi kuzunguka Ghuba ya Mwanza, kutoka jiji mpaka kusini kabisa kwenye mashamba, na kuvuka upande wa Sengerema. Daraja la Kigongo–Busisi, la kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025, limeondoa kisingizio cha kusubiri kivuko. Piga kura ya miraba mbele ya watu. Miraba michache inatosha, kumi na mitano au ishirini, mradi isibadilishwe kwa sababu mmoja umeangukia kwenye machimbo ya kokoto na mwingine kwenye mtaa wa mabati. Machimbo na mtaa navyo vina ndege wake, na mabadiliko yake ndiyo yanayokwenda kasi. Kila mraba utembelewe Januari au Februari, wageni wa kaskazini wakiwa bado wapo, na mara ya pili baada ya masika kushika, wenyeji wanapojenga viota.

Atembee nani? Hapa siwafuati wa kaskazini hata kidogo. Mpango wa Waingereza unasimama juu ya watu wanaojitolea, watu wenye gari, wikiendi na pensheni. Kijana wa Misungwi akijitolea siku nzima amepoteza kibarua cha siku nzima, na mwaka wa tatu hutamwona. Alipwe. Alipwe kwa mraba, baada ya kufanyiwa mtihani wa sauti, na alipwe hata akirudi na fomu yenye ndege saba tu. Ukimlipa kwa idadi ya ndege utapata ndege wengi sana kwenye karatasi. Wanaojua sauti hawako chuoni pekee. Wachungaji wanazijua, wakata mafunjo wanazijua, na wapo watoto wanaoweza kukuelekeza kiota cha mdiria kwenye kingo za mto bila kusita.

Hatari zipo na zisifichwe. Wa kaskazini wanaogopa ukungu, baridi na kuteguka mguu mahali pasipo na simu. Sisi tuna viboko kwenye mafunjo, mamba, na kichocho kwa yeyote anayeingia majini miguu mitupu. Buti refu la mpira na dozi ya dawa ya kichocho viingie kwenye bajeti kabla ya darubini. Na watembee wawili.

Nimesikia pia hoja ya vifaa: mbona siku hizi kuna virekodi sauti vya kutundika mtini na programu za kutambua ndege? Viwepo, vinasaidia usiku na ndani ya mafunjo. Lakini kirekodi hakioni kwamba mwaka huu mafunjo yamekatwa, au kwamba maji yamepanda mpaka kwenye migomba kama yalivyofanya 2020, ziwa lilipofikia kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964. Hakioni chupa tupu za kiuatilifu kando ya jaruba. Na kirekodi kilichotundikwa hadharani, sitaki kuwasingizia watu, lakini kina betri nzuri.

Hoja nzito zaidi ni ya mkulima. Ndege kwake ni kwelea kwelea. Kila mmoja ana uzito wa kama gramu 20 na anaweza kula kama gramu 10 za nafaka kwa siku. Kundi la milioni moja ni tani 10 kwa siku, na makundi huwa makubwa kuliko hapo. Serikali hutuma ndege za kunyunyizia sumu jioni, kwelea wakiwa wamelala kwenye matete. Simlaumu anayeomba ndege hiyo, shamba lake linaliwa. Ila kwelea hawalali peke yao kwenye matete, na asubuhi wanaokula mizoga ni mwewe, korongo na tai. Ili kujua sumu ile inaua nini kingine, na kama idadi ya mwewe inarudi mwaka unaofuata au hairudi, lazima pawe na hesabu ya kabla. Hesabu ya baada peke yake ni kuokota mizoga. Mkulima huyohuyo anahitaji kujua kama waliokufa ndio waliokuwa wakimlia panya wake.

Mwaka wa kwanza fomu hazitasema kitu. Wa pili pia. Mtu wa fedha atauliza matokeo yako wapi, na jibu la kweli litakuwa kwamba bado. Miradi mingi ya mazingira kwenye ziwa hili ina umri wa miaka mitatu hadi mitano, halafu gari linapakwa nembo nyingine. Kwa hiyo nisingeomba mradi. Ningeomba mstari mdogo kwenye bajeti ileile inayolipia sensa ya uvuvi, kiasi ambacho hakiwezi kumvutia mtu kukipigania, na maofisa walewale wasimamie fomu.

Jambo moja ningelishikilia hata wafadhili wakikunja uso. Fomu za asili zisisafirishwe. Zinaweza kupigwa picha na kutumwa popote, Uskoti, Helsinki au Nairobi, wazilinganishe na zao. Lakini karatasi yenyewe, yenye matope na mwandiko wa aliyetembea, ikae kwenye ofisi ya kijiji chenye mraba huo, mahali ambapo mwenyekiti anaweza kuifungua mbele ya mkutano siku watu watakapokuja kuomba eneo la mafunjo kwa ajili ya shamba.